Mishikio ya Kiti cha Magurudumu: Ulipie Ipi?

Mnunuzi wa kiti cha magurudumu hukagua tairi, breki na upana wa kikalio, akaridhika. Mishikio ya nyuma haikumbuki mpaka anayemsukuma aanze kuumwa mgongo. Kufikia hapo kuibadilisha ni gharama, kwa sababu mara nyingi imeungana na fremu yenyewe.

Iliyo rahisi kuliko yote ni bomba la egemeo lililopindwa kuelekea nyuma na kuvikwa raba. Huilipii peke yake, inakuja na kiti. Haina skrubu ya kulegea wala kitufe cha kuvunjika, na mkimpandisha mtu ngazi mkiwa wawili, aliye nyuma anaweza kuitegemea. Shida yake ni kimo. Kwenye viti vya kukunja tunavyoviona hospitalini, mishikio huwa kama sentimita 90 kutoka chini. Mtu wa kimo cha wastani hana neno. Kijana wa sentimita 185 atainama, na akimsukuma babu yake kila siku kwenye barabara ya mchanga, kiuno chake ndicho kitakacholipa.

Hali ni mbaya zaidi kwenye viti vya watu wanaojiendesha wenyewe. Egemeo lake ni fupi ili mabega yafanye kazi, kwa hiyo na mishikio inakuwa chini. Hapo ile ya kupandisha na kushusha inastahili fedha yake. Watengenezaji wengi huitoza juu ya bei ya kiti, inaongeza uzito kidogo, na vibanio vyake vinataka kukazwa na kufutwa vumbi. Nyumba yenye wasukumaji wa vimo tofauti, tuseme mama mfupi na mwanawe mrefu, ningeishauri ilipe bila kusita. Lakini kama msukumaji ni mmoja na mishikio inamfika kati ya kiuno na kiwiko, fedha hiyo inunue mto mzuri wa kukalia. Kidonda cha kalio kina gharama kubwa kuliko mshikio wowote.

Ipo pia ya kulaza. Mwenye kiti anayejisukuma huilaza akiwa peke yake, na kiti kinaingia vizuri zaidi kwenye buti la gari. Faida kubwa, kwangu mimi, ni heshima. Wapo wapita njia wanaokamata kiti cha mtu na kukisukuma bila hata salamu, wakiamini wanasaidia. Mshikio uliolazwa hauwapi pa kushika. Ni kweli huwezi kuutundikia mkoba, lakini mkoba mzito nyuma ya kiti ni hatari mlimani, unaweza kukibinua.

Ile ya kuchomoa kabisa siipendekezi kwa nyumba yenye ngazi. Pini isipoingia sawasawa, mbebaji anabaki na mshikio mkononi huku mtu akianguka. Na vitu vya kuchomoa hupotea.

Ukipata kiti kupitia kliniki, nenda na anayekusukuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 unataja hatua nane za huduma ya viti hivi, na ya pili ni kumpima na kumsikiliza mtumiaji. Siku hiyo ndiyo ya kusema nani atasukuma, wapi, na kama mtumiaji anataka kusukumwa au la.

Kwa kiti ulichonacho tayari, gusisha sumaku kwenye fremu. Ikinasa ni chuma, na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kurefusha mishikio, mradi avue kwanza kitambaa cha egemeo kisiungue. Fremu ya alumini usimpe: joto huidhoofisha. Kisha zungusha raba kwa nguvu. Ikizunguka au kuteleza, ibadilishe kabla ya kumbeba mtu tena. Bomba likiwa na unene wa milimita 22, raba za usukani wa baiskeli zinaingia, na kwa fundi baiskeli ni bei ndogo. La milimita 25 litahitaji raba zake.