Sindano ya Dira na Nyota ya Jaa

Mwalimu atakaye kuwafunza vijana jinsi manahodha wa kale walivyovuka bahari hana haja ya chombo cha thamani, kwani bakuli la udongo lililojaa maji, sindano ya kushonea, kipande cha sumaku na jani bichi la kuibeba sindano juu ya maji vyamtosha. Na aisugue sindano kwa ncha moja ya sumaku mara 30 hivi, akienda upande mmoja tu pasipo kurudi, kisha ailaze juu ya jani, mbali na meza yenye misumari. Jani litazunguka polepole, litasita, litatulia, na kila likisogezwa kwa kidole litarejea pale pale.

Sababu yake ni hii: ndani ya chuma cha pua mna sehemu ndogo mno, kila moja ni sumaku, ambazo kabla ya kusuguliwa hutazama kila upande zikabatilishana nguvu, msuguo huzipanga safu, ndipo sindano ikaitii sumaku kubwa ambayo ni dunia yenyewe, kama alivyobainisha tabibu wa Kiingereza, William Gilbert, katika kitabu chake cha mwaka 1600. Mabaharia hawakuungoja ubainifu huo. Mchina Zhu Yu aliandika mwaka 1119 kwamba marubani hutazama nyota usiku, jua mchana, na sindano wakati wa mawingu. Naye Baylak al-Qabajaqi, aliyeiona sindano ikielea katika safari ya mwaka 1242 baina ya Tripoli ya Sham na Iskandaria, alisimulia kuwa wanamaji wa Bahari ya Hindi hutumia samaki wa chuma mwenye uwazi tumboni.

Lakini sindano hutoa mstari tu. Ncha ipi ni ya kaskazini? Hilo mwanafunzi hana budi kuliuliza jua linapochomoza, na hapa ndipo somo linapokuwa tamu, maana dira ya bahari yetu ilizaliwa mbinguni: duara lake liligawanywa pande 32, kila upande digrii 11 na robo, nazo zikaitwa kwa nyota zichomozapo au zituapo huko, kama alivyozieleza Ahmad ibn Majid katika karne ya 15. Ndiyo maana wazee wa pwani husema jaa kwa kaskazini na suheli kwa kusini, na majina hayo yote mawili ni ya nyota.

Basi usiku mwalimu na awatoe wanafunzi wa Unguja ufukweni pamoja na bakuli lao, awaulize Jaa iko wapi. Hawataiona, kwa kuwa Unguja iko digrii 6 kusini ya ikweta na nyota hiyo, iliyo karibu na ncha ya mbingu, imezama chini ya upeo wa macho. Sindano yawaonyesha kisichoonekana. Wahenga wao waliofuata kusi kwenda Maskati waliuamini uelekeo huo siku nyingi, mpaka chombo kilipokwisha kuipita Mogadishu, na usiku mmoja usio na ukungu, kushoto kwa omo, Jaa ikazuka juu ya maji.