Wamama, tuchunguze kitabu cha item kabla ya kutoa franga



Majira ya wafinalisti yamefika. Kila mama mwenye mtoto anayemaliza sekondari amekwisha kusikia neno hili nyumbani: "Mama, naomba franga za item." Tunatoa, na baada ya wiki mbili mtoto anaomba tena, kwa kitabu kingine. Franga hizo zinatoka kwenye fungu la ndagala na la unga wa mihogo. Basi ni haki yetu kujua tunanunua nini, hata sisi ambao hatukufika sekondari.

Tukumbuke kwanza Mtihani wa Serikali, Exetat, ulivyo. Sesio ya kawaida inachukua siku nne: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsio ya mtoto. Chini ya kila item kuna majibu kadhaa, mtoto anachagua moja. Kabla ya hapo kuna orsesio, ambapo anaandika disertasio na kujibu Kifaransa kwa mdomo. Kitabu cha item hakimsaidii hapo. Anahitaji daftari, kalamu, na mwalimu wa kumsahihisha.

Sasa, ukishika kitabu mkononi, tazama mambo haya.

Opsio. Kitabu cha pedagojia hakitamfaa mtoto wa biashara kwa masomo ya opsio yake. Mwambie mtoto akuonyeshe jina la opsio kwenye jalada.

Umri wa kitabu. Wauzaji wengine wanabadilisha jalada tu, ndani ni maswali ya zamani. Fungua sehemu ya jiografia. Kikisema Kongo ina majimbo 11, ni cha kabla ya 2015, kwa sababu tangu mwaka huo tuna 26. Kikitaja Bujumbura kuwa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, kimepitwa: tangu 2019 ni Gitega. Kikiacha Kongo nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni cha kabla ya 2022. Kwa watoto wa biashara hatari ni kubwa zaidi. Nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na baadaye kontabilite ikabadilika, hata namba za konti. Anayejifunza mpango wa zamani atajibu vibaya huku akiamini amejibu vizuri. Lakini tusitupe kila kilicho cha zamani: sarufi ya Kifaransa na hesabu nyingi hazikubadilika. Kitabu cha kaka yake bado kina kazi.

Majibu. Kitabu kizuri kinaeleza kwa nini jibu ni hilo, hakitoi herufi tu. Chukua item tano, mpelekee mwalimu wa somo. Akikuta majibu mawili yana kosa, usinunue.

Fotokopi. Katika hesabu, alama ndogo ikifutika swali zima linaharibika. Tazama michoro na namba ndogo za juu. Zisiposomeka, rudisha.

Kuna bidhaa moja ambayo tunawaomba msiinunue kabisa: karatasi zinazopita kwenye telefoni siku za mwisho, zikiitwa item za mwaka huu. Watahiniwa wanapewa seria tofauti, jirani na jirani hawana karatasi moja. Mtoto anayekariri herufi za kununua anaingia chumbani bila kitu. Na akishikwa na telefoni au karatasi ndani, anaweza kupoteza mtihani wote. Miaka yote hiyo ya ada inaishia hapo.

Ili kupunguza gharama, tununue pamoja. Wamama watano wa MUSO moja wanaweza kununua vitabu vitano tofauti, na watoto wakazungushiana kila wiki. Mtoto ajibu kwenye daftari, si ndani ya kitabu, ili mwenzake naye akitumie. Afanye kwa saa, majibu yakiwa yamefunikwa, kisha arudie zile alizokosa.

Neno la mwisho ni juu ya mabinti zetu. Kitabu kinanunuliwa, halafu binti anachota maji, anapika, anaosha vyombo, anabeba mdogo wake. Anapokaa kusoma, usingizi umemshika. Kaka yake alianza tangu jioni. Mtihani hautawauliza nani alipika. Tugawe kazi za nyumba: kijana naye anaweza kubeba bidoni. Saa mbili za utulivu kila siku hazina bei sokoni, na ni sisi tunaoweza kumpa.

Kwenye mkutano ujao, kila mama mwenye mfinalisti aje na kitabu alicho nacho. Tutavichunguza pamoja na kupanga vikundi kwa opsio, kabla mtu hajatoa franga nyingine.