Kitufe cha Kushoto

Anunuaye kompyuta mpakato ya michezo hutoa dirhamu elfu kadhaa kwa ajili ya kadi ya michoro, kioo kipana na feni za kupozea, wala hapitishi fikira hata kidogo juu ya vile vitufe viwili vilivyo chini ya padi ya kugusa, ilhali katika mashine nzima ni vitu vichache vipigwavyo na kidole kama hivyo. Na aghalabu cha kushoto hutangulia kuchoka, kwa kuwa ndicho kitumwacho kwa kila jambo.

Chini ya kila kitufe mna swichi yenye upana wa milimita chache tu, na ndani yake bati jembamba lililofinyangwa mfano wa kuba. Kidole kikibonyeza, kuba hubonyea likaunganisha njia za umeme, na ule mlio wa “tik” ndio kuba lenyewe likigeuka. Swichi za namna hii hukadiriwa umri kwa mibofyo, nyingine laki moja, nyingine milioni moja na zaidi. Basi mchezaji abofyaye mara 2,000 kwa siku ataimaliza ile ya laki kwa siku 50. Kuba likichakaa, au vumbi na jasho vikiingia, taksiri huanza: mara kitufe hakisikii mpaka kikandamizwe kwa nguvu, mara ubofyo mmoja huhesabiwa miwili, na faili uliyokusudia kuichagua tu ikafunguka bila ya idhini yako.

Walakini si kila kitufe kigumu kimechakaa. Katika mashine nyingi betri imelazwa chini ya padi hiyo hiyo, na betri ya lithiamu iliyozeeka, au iliyoachwa ndani ya gari wakati wa kiangazi cha Dubai ambapo joto la nje hupita nyuzi 40, huweza kutoa gesi ikavimba, ikasukuma padi juu hata vitufe vikakosa nafasi ya kubonyea. Alama zake ni dhahiri: ukingo wa padi umeinuka, na mashine ikiwekwa juu ya meza hupepesuka. Hapo usihangaike na kitufe. Zima, chomoa chaja, usibonyeze wala kutoboa, umpelekee fundi.

Mjini Dubai hapana uhaba wa mafundi. Avukaye Khori, ule mkono wa bahari uingiao mjini, kwa abra, yaani mashua ya kuvushia, kutoka Deira na kushuka Bur Dubai hana safari ndefu mpaka barabara ya Khalid bin Al Waleed, maarufu kwa biashara ya kompyuta, na karibu yake jengo la Al Ain Centre, ambamo maduka yamebanana. Lakini mteja na atahadhari na jambo moja. Waundaji wengi hawauzi kitufe peke yake, bali huuza padi nzima, au hata bamba lote la juu pamoja na kibodi, na bei atakayotajiwa ni ya bamba, ilhali kilichokufa ni kile kijidude cha fils chache. Fundi mwenye mkono mwepesi huchomoa kwanza betri, akafungua kibano cha utepe wa waya, akayeyusha lehemu, akaitoa swichi na kuweka mpya. Kazi ya ustahimilivu, na ndiyo maana wengine hupendelea kuuza bamba. Ikiwa ni uchafu tu, spiriti safi ya isopropili hutosha. Wako wanaotia mafuta ya cherehani, na wako, katika nchi hii ya manukato, wanaopuliza marashi. Yote mawili huacha utando unaonasa vumbi, na adha ikazidi.

Asiyekuwa na nafasi ya kwenda dukani asidhani amekwama. Wachezaji wengi hutumia kipanya cha nje, na padi yenyewe hukubali kuguswa kidogo badala ya kubofywa. Katika Windows, ukibonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, mashine huuliza kama umekusudia. Ukikubali, tarakimu za upande wa kulia huongoza mshale, na 5 ikawa ndiyo ubofyo. Shift na F10 hufanya kazi ya kitufe cha kulia.

Jamaa zetu wanunuao kompyuta za mtumba ili kuzipeleka Darajani au Kariakoo wanafaa kukitazama kitufe cha kushoto kama mnunuzi wa punda atazamavyo meno. Rangi yaweza kung'arishwa na diski kufutwa, lakini kitufe kilichong'aa kwa kusuguliwa, ambacho mlio wake umefifia ilhali jirani yake wa kulia bado analia vizuri, ni ithibati ya kazi nyingi. Hapo muulize muuzaji habari za betri, uzisikilize feni kwa makini, kisha uanze kuteremsha bei.