Kichocho: Maji ya Kuoga Nayo Yaangaliwe



Parokia inapopokea wageni Kilosa au Mikumi, jambo la kwanza tunalohimiza ni kuchemsha maji ya kunywa. Ni vizuri. Lakini baada ya chakula tunawapeleka wageni hao hao kuona majaruba ya mpunga, nao wanavua viatu na kuvuka mfereji kwa miguu. Hapo tunakosea, maana kichocho huingia hasa kwa njia ya ngozi.

Mgonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai ya minyoo huanguliwa na vijidudu vyake huingia ndani ya konokono wadogo wa maji baridi. Baada ya wiki kadhaa konokono hutoa vimelea visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupenya ngozi kwa dakika chache hata kama haina jeraha. Hutoka kwa wingi jua linapowaka, yaani saa zile zile mgeni anapotamani kuoga mtoni. Kuwaona watoto wakiogelea si dalili ya usalama. Mara nyingi wao ndio wenye ugonjwa. Wala tusidanganywe na kasi ya Mto Mkondoa, kwa sababu konokono hukaa kwenye kingo zenye majani na madimbwi yanayobaki baada ya mafuriko.

Maji ya kuoga yachemshwe kwa dakika moja, au yakae siku mbili kwenye chombo safi kisicho na konokono, vimelea hufa. Bwawa la hoteli lililotiwa klorini vizuri halina shida. Shambani, mabuti ya mpira.

Aliyekwisha kukanyaga maji asikimbilie kumeza prazikwanteli jioni ile ile. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, si michanga. Apimwe baada ya wiki sita hadi nane, au mapema akipata homa, kikohozi au vipele. Damu kwenye mkojo isipuuzwe kamwe. Mgeni akirudi Ulaya (si kata yetu ya Ulaya, njia ya Mikumi) daktari wake huenda asiwaze kichocho kabisa. Basi katibu wa kamati amwandikie mgeni tarehe na mahali alipogusa maji. Vivyo hivyo kwa wanakwaya wetu wanaotoka mjini.

Tunaomba ndoo zenye mifuniko na jozi chache za mabuti ziingizwe katika bajeti ya mapokezi, kabla ya fungu la vitenge vya zawadi.