Joka Asemaye: Vitabu Viwili vya Kusomwa Darasani

Baadhi ya walimu huviepuka vitabu vya majoka, wakidai kuwa ni porojo za watoto. Dai hilo halina nguvu. Mwanafunzi aliyesimuliwa habari za Nunda mla watu amekwisha kukutana na dubwana. Lililobaki ni kumchagulia kitabu kitakachomfikirisha. Mimi hupendekeza vile ambamo joka husema, kwani hapo ndipo maneno yanapopimwa.

Cha kwanza ni The Hobbit cha J. R. R. Tolkien (1937). Bilbo, akiulizwa na joka Smaug yeye ni nani, hujificha nyuma ya mafumbo, jambo linalowafurahisha sana wanafunzi waliozoea vitendawili. Lakini fumbo moja, lenye kutaja mapipa, linamwelekeza joka kwenye mji wa ziwani, naye anauendea kuuteketeza. Je, Bilbo alaumiwe?

Cha pili, nikipendacho zaidi, ni A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin (1968). Kiingereza chake ni kizito kidogo; heri mwalimu asome kwa sauti. Ged, mganga kijana, amelikisia jina la kweli la joka wa Pendor, na kwa jina hilo aweza kumfunga. Joka naye anaahidi kumtajia jina la kivuli kinachomwandama. Ged ajiokoe nafsi yake, au awalinde wavuvi wa visiwa jirani? Mwalimu na afunge kitabu papo hapo, awape wanafunzi dakika 10 waandike shauri lao, ndipo aendelee. Nilipojaribu hivyo, kengele ililia hali ubishi haujakwisha.