Tijara ya Riwaya za Vita

Mwenye kutaka kuifahamu tijara ya riwaya za vita vya zamani, ambamo kijana asiyeota ndevu huaga kwao akaenda kupigana barani au baharini, na aitazame kwanza matbaa ya Blackie & Son ya Glasgow, iliyochapa vitabu vya G. A. Henty, kwani hapo ndipo ilipodhihiri kwamba anunuaye kitabu na akisomaye aghalabu si mtu mmoja.

Sheria ya elimu ya mwaka 1870 ilipozieneza skuli Uingereza, ilishika desturi ya kuwatunuku vitabu wanafunzi hodari, nazo skuli za Jumapili zikafanya vivyo hivyo, huku wajomba wakitafuta hidaya za Krismasi. Watu hao hawakuwa na wasaa wa kusoma mamia ya kurasa kabla ya kufungua mkoba, walitazama jalada. Basi Blackie wakatia rasilimali yao kwenye jalada: kitambaa cha rangi kilichopigwa sura ya askari au baharia, dhahabu mgongoni, kingo za karatasi zimetiwa rangi ya zeituni, kwa shilingi 5 au 6. Kitabu kilitoka kabla ya Krismasi, hali ukurasa wa anwani umepigwa mwaka ujao, ili kikibaki rafuni baada ya sikukuu kisionekane cha kale.

Henty mwenyewe, mwandishi wa habari za vita aliyefuatana na jeshi la Waingereza mpaka Magdala, Uhabeshi, mwaka 1868, alikuwa akisema na katibu akiandika, akatoa vitabu vitatu au vinne kwa mwaka, hata alipofariki mwaka 1902 vilikuwa vimepindukia 100. Bidhaa ile ilikuwa na sumu, na haifai kulificha hilo: Mwafrika amedunishwa humo, na watoto wakakabidhiwa dharau hiyo kuwa ni tuzo ya tabia njema.

Siku hizi biashara ina mlango mwingine. Patrick O'Brian, mtunzi wa riwaya za mabaharia wa enzi ya Napoleon, alianza kuchapwa na J. B. Lippincott wa Marekani mwaka 1969. Baadaye wachapishaji wa huko wakaiacha silsila yake, mpaka W. W. Norton walipoifufua mwaka 1990, ikanunuliwa na watu wazima kwa ajili ya nafsi zao. Aliyemaliza kitabu cha kwanza ana vingine 19 kamili vinavyomngoja, wala mchapishaji hana haja ya kumtafuta tena.