Kupumzika Si Uvivu

Ukifika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, siku ambazo mwezi ni mpevu, utawakuta wavuvi wa dagaa wako nchi kavu. Mgeni anaweza kusema, "Watu hawa ni wavivu." Sivyo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiangaza ziwa lote, dagaa hawakusanyiki penye taa. Basi wavuvi hupumzika siku kadhaa. Hulala usiku kama watu wengine na kushona nyavu zao. Mwezi ukififia, wanarudi majini.

Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi katika ziwa hilo kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Hata samaki walipewa likizo! Je, wewe umejipa lini?

Aliyeajiriwa ana sheria ya kumlinda. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa siku moja ya kupumzika kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Lakini wewe unauza karanga Mpanda mjini, au unashona nguo, au unachonga mizinga ya nyuki kule Inyonga. Siku hizi mtu kama wewe huitwa mjasiriamali. Wewe ndiwe bosi na wewe ndiwe mfanyakazi. Hakuna wa kukupa ruhusa.

Mtazame mkulima wa tumbaku. Wakati wa kukausha, moto wa bani huangaliwa usiku na mchana kwa siku kadhaa. Anayeulinda peke yake mwishowe husinzia. Moto ukizidi, tumbaku huharibika, na bani laweza kuteketea. Jasho la msimu mzima linapotea kwa sababu ya usingizi wa saa moja. Wanaopokezana zamu huokoa mali yao.

Tena usingizi huleta akili mpya. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lübeck, Ujerumani, waliwapa watu mafumbo ya hesabu. Ndani yake mlikuwa na njia ya mkato, lakini hawakuambiwa. Baadhi yao walilala saa 8, wengine walikaa macho. Waliolala walioigundua njia hiyo walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale waliokaa macho. Unapolala, ubongo haulali kabisa. Hupanga mambo uliyojifunza mchana. Kwa hiyo wazo la kufunga karanga katika vifuko vidogo, au kuhamishia meza karibu na stendi, laweza kukujia asubuhi. Ni vigumu kulipata saa sita usiku, unapohesabu fedha kwa macho mekundu.

Kuna na hatari ya kiharusi, yaani ugonjwa wa kupooza. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walieleza mwaka 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma, hatari yake ya kiharusi ni kubwa kwa asilimia 35 kuliko ya anayefanya saa 35 hadi 40.

Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kila usiku. Lala ndani ya chandarua chenye dawa. Pombe isikudanganye. Huleta usingizi upesi, kisha huukatakata usiku.

Utauliza, "Nikifunga genge nitakula nini?" Swali lako ni la haki. Anza na nusu siku, ile ambayo wateja ni wachache.

Na mama anayetoka sokoni akachota maji, akatafuta kuni, akapika, huyo hajapumzika hata kama genge limefungwa. Baba, chukua ndoo.

Ikiwa umelala vya kutosha siku kadhaa na bado mwili ni mzito, au una homa, au unahema ukitembea kidogo tu, usiseme ni uchovu wa kazi. Yaweza kuwa malaria au upungufu wa damu. Nenda zahanati upimwe.